Simbilisi, Panya na Mzio wa Chakula

Neno mzio ni la kale kuliko maradhi yaitwayo kwa jina hilo hospitalini leo. Kwa wazee, mzio ulikuwa chakula ambacho mtu hakukila: pengine kwa kuwa ukoo wake ulikikataza, pengine kwa kuwa mganga alimwonya, pengine kwa kuwa mwili wenyewe haukukipokea. Mwenye mzio wa pweza hakuulizwa sababu. Alipakuliwa mchuzi mwingine. Elimu ya tiba ililitwaa neno hilo kwa maana iliyo finyu zaidi. Mtoto hula yai, au hunywa maziwa ya ng'ombe, au hutafuna karanga moja. Mara midomo yake huvimba, ngozi hutoka mabaka, pumzi humbana, na yuko afaye kabla ya kupata msaada. Chakula chenyewe hakina sumu. Ndugu zake wamekula sufuria ile ile nao wanacheza uani.

Kwa nini mwili upokee vyakula mia, kisha ukikatae kimoja kana kwamba ni adui? Hakuna njia ya haki ya kumtwaa mtoto mzima na kumfanya mgonjwa ili watu watazame ugonjwa unavyoanza. Ndipo mnyama akatwaliwa badala yake. Historia ya kazi hiyo imepita miaka mia moja na ishirini, na ndani yake liko jambo la ajabu: mara nyingi mnyama alikataa kuugua. Wataalamu waliona kukataa huko kuwa kikwazo katika njia yao, nao walichelewa mno kutambua kwamba kikwazo hicho ndicho kilichobeba jawabu.

Mwanzo wake ulikuwa baharini. Mwaka 1901 Mkuu wa Monaco, Albert wa Kwanza, aliyeipenda elimu ya bahari kuliko anasa za ukuu wake, aliwachukua Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, katika merikebu yake iliyoitwa Princesse Alice II. Walitaka kuijua sumu ya kiumbe mmoja wa jamii ya yavuyavu, aeleaye juu ya maji kama kibofu, ambaye mikono yake mirefu huwachoma mabaharia na waogeleaji. Waliporudi Paris hawakuweza kumpata kiumbe yule, wakatumia mwenziwe akaaye miambani, na sumu yake wakawadunga mbwa. Nia yao ilikuwa kuwazoeza mbwa sumu kidogo kidogo, kama ifanywavyo katika chanjo, hata wasidhurike tena.

Mbwa mmoja aliitwa Neptune, naye alikuwa mkubwa na mwenye afya. Alidungwa kiasi kidogo asipate dhara la maana. Baada ya majuma matatu na siku kadha alidungwa tena. Hapo hapo akaanza kuhema, akashindwa kusimama, akaharisha, akatapika damu, na nusu saa haikutimia kabla hajafa. Richet na Portier walikuwa wametafuta kinga wakapata kinyume cha kinga, na mwaka 1902 wakaliita jambo lile anafilaksi, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana hiyo. Mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel. Kifo cha Neptune kiliwafundisha watu kwamba mwili hukumbuka, na kwamba kumbukumbu yake yaweza kumwua mwenyewe. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba Neptune alidungwa sindano. Hakulishwa kitu.

Wakati huo Ulaya na Marekani zilikuwa zikitibu dondakoo kwa seramu itokayo katika damu ya farasi. Nguvu ya seramu ilipimwa kwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye katika baadhi ya sehemu za Tanganyika ya zamani hufugwa jikoni kwa ajili ya nyama yake. Theobald Smith, Mmarekani, aliona kuwa simbilisi waliokwisha tumiwa mara moja hufa ghafula wakidungwa seramu ya farasi mara ya pili. Watoto wachache nao walikuwa wamekufa vivyo hivyo mikononi mwa waganga wao. Basi mwaka 1906 Rosenau na Anderson, katika maabara ya afya ya serikali huko Washington, waliishika kazi hiyo kwa bidii kubwa, wakaonyesha kuwa chembe ndogo mno ya seramu yatosha kumharibu simbilisi kwa maisha yake. Kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawakulifikiri: waliwalisha simbilisi nyama na seramu ya farasi. Baadhi ya simbilisi hao wakawa na uharibifu ule ule. Hapo kwa mara ya kwanza mlango wa kinywa ukaingia katika habari hii. Mwaka uo huo Clemens von Pirquet wa Vienna, tabibu wa watoto, akaunda neno aleji, akiwa na maana ya mwili uliobadilika namna yake ya kujibu.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ya miaka hiyo, hata hivyo, lilitendeka Chicago, na halikupigiwa ngoma. H. Gideon Wells, bingwa wa magonjwa katika Chuo Kikuu cha mji huo, alikuwa akichunguza ni protini zipi za ute wa yai zinazomletea simbilisi anafilaksi. Mwaka 1911 akatangaza kwamba simbilisi aliyelishwa yai siku nyingi mfululizo hadhuriki tena. Mdunge ute wa yai mara moja, mdunge mara ya pili, yu mzima. Mwaka uo huo, pamoja na Thomas Osborne wa Connecticut, aliyekuwa fundi mkubwa wa kutenga protini za nafaka, akaonyesha kuwa hali ni hiyo hiyo kwa protini za mimea. Simbilisi ambaye posho yake ya kila siku ilikuwa na mahindi hakuweza kufanywa mgonjwa kwa protini ya mahindi. Wenzake ambao hawakupata kuonja nafaka hiyo waliugua na kufa kama ilivyotazamiwa.

Maana ya jambo hili ni nzito. Tumbo halikuwa mfuko wa kusagia chakula tu, bali lilikuwa kama baraza mwili unapofundishwa nani mgeni wa heshima na nani mwizi. Mgeni aliyepitia mlango wa tumbo, tena akaja mara kwa mara, alikaribishwa hata alipoonekana baadaye akipita dirishani. Aliyepita dirishani kwanza, yaani kwa sindano, alihesabiwa mwizi. Rosenau na Anderson hawakuwa wamekosea walipoona chakula kikiharibu: Wells mwenyewe aliona kuwa kula kwa siku chache huweza kumwamsha mnyama, na kula kwa siku nyingi humtuliza. Kila kitu kilitegemea njia, muda na kiasi.

Kwa bahati mbaya maarifa hayo yalikaa vitabuni kama nguo ya sikukuu iliyosahauliwa sandukuni. Merrill Chase wa New York aliyafufua mwaka 1946, alipoonyesha kuwa simbilisi aliyelishwa dawa fulani kali ya viwandani hapati upele wa dawa hiyo hata akipakwa ngozini. Waliomfuata waliita jambo hilo uvumilivu wa kinywa. Likawa somo la wataalamu wa kinga, wakaliandikia makala nyingi. Matabibu wa watoto walilisikia kwa mbali.

Sababu moja ya kutengana huko ni kwamba wanyama wenyewe walileta mashaka. Kila jamii hufa kifo chake. Simbilisi akipatwa na anafilaksi, mirija ya mapafu yake hubana, akafa kwa kukosa pumzi. Sungura huharibikiwa na mishipa ya damu iendayo mapafuni. Mbwa hujaa damu ini. Daktari mwenye mtoto aliyevimba midomo kwa yai angeuliza kwa haki: katika hawa watatu, mwanangu amefanana na yupi? Tena kulikuwa na habari ya Prausnitz na Küstner. Heinz Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa. Mwaka 1921, katika mji ulioitwa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, mwenziwe Carl Prausnitz alitwaa seramu ya Küstner, akajidunga tumboni chini ya ngozi, na siku ya pili akajidunga maji ya samaki pale pale. Pakavimba na kuwasha. Kitu kilichokuwamo katika damu ya mgonjwa kilikuwa kimehama kwa mtu mzima. Lakini kitu hicho hakishiki katika chembe za panya. Hushika kwa mwanadamu na kwa nyani na kima walio karibu naye. Basi kwa miaka arobaini na zaidi mnyama wa majaribio aliyefaa kuliko wote alikuwa mtu mwenyewe. Ngozi za watu waliojitolea ndizo zilizomwezesha Matthew Walzer wa New York kuonyesha, mwaka 1927, kwamba samaki aliyeliwa huacha sehemu yake ikapenya tumboni bila kusagika na kufika hata mkononi palipodungwa seramu ya mgonjwa.

Kitu chenyewe kilijulikana mwaka 1966, pale Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, walipokitambua huko Denver kuwa ni kingamwili ya aina mpya; na mwaka 1967 Johansson na Bennich wa Uppsala, Sweden, wakatangaza kingamwili iliyoonekana kuwa ile ile. Mwaka 1968 ikaitwa imunoglobulini E. Panya nao wanayo ya kwao. Hapo mashaka ya zamani yakapungua: sasa ilijulikana nini kitafutwe katika damu ya mnyama, nacho ni kile kile kilichomo katika damu ya mtoto.

Ndipo taabu mpya ikadhihirika. Wataalamu waliwalisha panya wadogo mayai, maziwa na karanga, wakingoja ugonjwa. Panya walikula, wakanenepa, wakaishi salama. Tumbo la panya lilifanya kazi iliyofanywa na tumbo la simbilisi wa Wells: lilipokea. Watafiti walihitaji mgonjwa na hawakumpata. Mwaka 1994 Snider na wenzake walipata hila. Walichanganya protini ya yai na sumu ya vijidudu vya kipindupindu, kiasi kidogo kisichoua, wakawanywesha panya. Sumu ile ililitia tumbo hofu, na tumbo lenye hofu likamdhania mgeni kuwa adui. Panya wakatoa imunoglobulini E, na walipopewa protini ile tena wakapatwa na anafilaksi. Hila hiyo imetumika katika maabara nyingi tangu siku hizo. Xiu-Min Li na Hugh Sampson wa New York waliitumia kupata panya wenye mzio wa maziwa mwaka 1999, na wenye mzio wa karanga mwaka 2000. Hapana shaka ilileta matunda. Lakini mtu aweza kuuliza ni mtoto gani aliyenyweshwa kipindupindu pamoja na karanga zake. Na swali hilo halijaacha kuwasumbua watu wa kazi hii.

Waholanzi walijaribu njia iliyo safi zaidi. Walichagua aina ya panya wakubwa wa rangi ya kahawia ambao kwa maumbile huelekea kutoa imunoglobulini E kwa wingi, wakawanywesha ute wa yai kila siku bila kitu cha kuchokoza. Léon Knippels na wenzake walifaulu, wakaandika habari zao mwaka 1998. Ila walikutana na jambo ambalo Wells angelicheka kwa furaha. Walipotaka kuchunguza mzio wa soya, waligundua kuwa chakula cha kawaida cha maabara kina soya, na panya aliyekua kwa chakula hicho hafai, maana amekwisha izoea. Wakawafuga panya kwa chakula kisicho na soya kabisa. Bado damu ya watoto wao ilionyesha alama za kuijua soya. Ilibidi kuwatazama hata wazazi, na chakula cha wazazi. Miaka themanini na saba baada ya mahindi ya Chicago, mnyama alirudia neno lile lile: nilichokila tangu utoto hakiniui.

Kutoka hapo uchunguzi ulishuka ndani zaidi ya tumbo. Ukoo mmoja wa panya waliotumiwa New York uliugua kwa wepesi, na koo nyingine hazikuugua, ingawa zilinyweshwa mchanganyiko ule ule. Ilikuwa imejulikana tangu 1998 kuwa baadhi ya panya wa ukoo ule wamezaliwa na kasoro katika jeni inayowawezesha kutambua bakteria. Mwaka 2004 Cathryn Nagler na wenzake, wakiwa Boston, waliwatwaa panya wasio na kasoro, wakawapa dawa za kuua bakteria wa tumboni, kisha wakawapa karanga. Nao wakaugua. Basi baraza la tumbo lilikuwa na wazee wengine, wadogo wasioonekana, na walipofukuzwa hukumu ikapotoka. Nagler alihamia Chicago, katika chuo kile kile cha Wells. Mwaka 2019 kundi lake lilitangaza kuwa panya waliozaliwa bila bakteria hata mmoja, wakipandikizwa bakteria wa mtoto mchanga mwenye afya, hukingwa na mzio wa maziwa. Wakipandikizwa wa mtoto mwenye mzio, hawakingwi.

Wakati hayo yakiendelea maabarani, kina mama walikuwa wakipewa shauri jingine kabisa. Mzio wa karanga ulikuwa umezidi sana Uingereza na Marekani, na watu walihofu. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza ilishauri kwamba watoto wa jamaa zenye pumu, ukurutu au mizio wasipewe karanga mpaka wapate miaka mitatu. Mwaka 2000 chama cha matabibu wa watoto wa Marekani kikashauri vivyo hivyo. Shauri hilo lilikuwa na sura ya busara: kama kitu kinaua, kiweke mbali. Lakini hakuna simbilisi wala panya aliyewahi kuliunga mkono. Mnyama aliyewekwa mbali na chakula ndiye aliyeugua.

Tena kulikuwa na dirisha ambalo watoa shauri hawakulifunga. Mwaka 2003 Gideon Lack wa London na wenzake walionyesha kuwa watoto wenye mzio wa karanga aghalabu walipakwa utotoni mafuta ya ngozi yaliyotengenezwa kwa karanga, nao wakiwa na ukurutu. Mwaka 2005 Jessica Strid na wenzake, London pia, waliwakwaruza panya ngozi wakawapaka protini ya karanga. Panya hao waliolishwa karanga baadaye hawakutulia kama wenzao, bali walizidi kuugua. Mlango umefungwa, dirisha li wazi. Mgeni aliyekatazwa sahani alipitia katika vumbi la nyumba na mikono ya wazazi wake walao karanga.

Gideon huyu wa pili alikuwa na bahati ambayo wa kwanza hakuipata: aliweza kuwaendea watoto wenyewe. Mwaka 2008 yeye na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Damu ni ya jamaa moja, ila kina mama wa Israeli huwapa watoto wachanga vyakula vyenye karanga kabla ya mwaka kutimia. Mzio wa karanga kwa watoto wa Uingereza ulikuwa asilimia 1.85, na kwa wa Israeli asilimia 0.17. Kisha wakatwaa watoto 640 wa miezi minne hata kumi na moja walio katika hatari, nusu wale karanga kila juma, nusu wasiguse. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Walipofika miaka mitano, waliokatazwa walikuwa na mzio kwa asilimia 17.2, na waliolishwa asilimia 3.2. Mwaka 2024 ikatangazwa kuwa hata walipokaribia ujana, ijapokuwa kila mmoja aliachiwa kula apendavyo kwa miaka mingi, tofauti ilikuwapo: asilimia 15.4 kwa 4.4. Mashauri ya zamani yalikuwa yamekwisha futwa tangu miaka ya 2008 na 2009, na mwaka 2017 Marekani ikaagiza kinyume chake.

Je, matabibu walaumiwe kwa kutomsikiliza simbilisi wa 1911? Lawama nzima haitakuwa haki. Simbilisi wa Wells alikula mahindi kisha akadungwa. Mtoto hadungwi karanga. Panya wa maabara huugua kwa majuma machache, katika kizimba kimoja, kwa chakula kimoja, na aghalabu kwa msaada wa sumu; na tiba nyingi zilizomponya panya zimeshindwa kwa mwanadamu. Mtu aliyepima mambo hayo angeweza kusita kuwaamuru kina mama kwa ushahidi wa mnyama peke yake. Lakini kusita si sawa na kushauri kinyume. Waliokataza karanga nao hawakuwa na ushahidi wa watoto mikononi mwao. Walikuwa na hofu, na hofu iliwekwa katika maandishi ya serikali kana kwamba ni elimu. Kizazi kimoja cha watoto kililipa gharama yake.

Mnyama hajamaliza kutoa habari. Mwaka 2023 maabara mbili, moja ya Yale nchini Marekani na nyingine ya Heidelberg nchini Ujerumani, zilitangaza kuwa panya mwenye mzio wa yai, akiwekewa chupa mbili, huiacha ile yenye protini ya yai na kunywa ya pili. Panya walionyimwa imunoglobulini E kwa maumbile hawakujua kuiacha. Kingamwili iliyodhaniwa kuwa makosa matupu ya mwili ilikuwa pia ikimwonya mwenyewe asile. Hiyo ndiyo maana ya mzio waliyoijua wazee.

Kwa wale waliokwisha ugua, panya ametoa kitu kingine. Mwezi Februari 2024 Marekani iliruhusu dawa iitwayo omalizumabu itumike kwa wenye mizio ya vyakula, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Dawa hiyo ni kingamwili iliyopatikana kwanza kwa panya, kisha ikabadilishwa ifanane na ya mtu. Hudungwa kila baada ya majuma mawili au manne, ikaikamata imunoglobulini E kabla haijashika chembe. Haimponyi mgonjwa. Humpa nafasi ya kunusurika akila karanga kwa bahati mbaya, na bado huambiwa aziepuke.